Walimu wa Wodini Ifakara na Mitaala Isiyotulia

Mto Lumemo hushuka kutoka milima ya Udzungwa na kupita kando ya mji wa Ifakara kuelekea bonde la Kilombero. Mwaka 1949 alifika huko Rudolf Geigy, mwanazuolojia wa Basel, akitafuta mbung'o, papasi na magonjwa wanayoyaeneza. Mwaka 1957 taasisi yake ikafungua maabara jirani na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya wamisionari Wakapuchini. Alifuata wadudu, akaishia kuanzisha shule.

Sababu haikuwa ngumu kuiona. Tanganyika ilipata uhuru ikiwa na madaktari wazalendo 12 tu. Mwaka huohuo wa 1961, kwa fedha za makampuni ya dawa ya Basel, kituo cha mafunzo kilianza Ifakara kuandaa waganga wasaidizi wa vijijini. Baada ya Azimio la Arusha, serikali ilipoelekeza nguvu kwenye zahanati na vituo vya afya, kikawa chuo cha matabibu, kisha kikakabidhiwa kwa serikali.

Kila kada mpya ilidai mwalimu mpya, au wa zamani aliye tayari kuanza upya. Kumfundisha mtu kutambua vimelea vya malaria kwenye hadubini ni kazi moja. Kumsimamia akiwa ameshika kisu mbele ya mama anayevuja damu ni kazi nyingine kabisa.

Kazi hiyo ya pili ilifika kwa kishindo Juni 2009. Vituo vya afya vijijini havikuwa na wa kumpasua mama aliyeshindwa kujifungua, na kumsubiri daktari bingwa kungewachosha hata wavumilivu. Ifakara ikaandaa mtaala wa miezi mitatu na kuwaita watu kwa timu: madaktari wasaidizi wajifunze upasuaji wa uzazi, wauguzi wakunga na matabibu wajifunze kutoa dawa za usingizi. Hadi Aprili 2010 walifundishwa 43 kutoka vituo 12 vya Tanzania, pamoja na wawili wa Somalia. Chini ya macho ya walimu wao walifanya upasuaji mkubwa wa uzazi mara 278 na kutoa dawa za usingizi mara 1,161.

Hesabu hizo husomwa kama sifa ya wanafunzi. Zisomwe pia kama mzigo wa mwalimu, kwani kila upasuaji ulihitaji mtu mzoefu pembeni, anayejua lini anyamaze na lini apokee kisu. Bingwa wa upasuaji si lazima awe bingwa wa kusubiri. Ndiyo maana nchi ina chuo cha CEDHA, Arusha, kinachowafundisha walimu wa afya namna ya kufundisha. Lakini wanaosimamia wodini mara nyingi ni watumishi wa hospitali, na foleni ya wagonjwa haiwaruhusu kwenda kozi.

Mambo hayakutulia. Mwaka 2010 Ifakara ilipata chuo kikuu kishiriki cha tiba chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, na miaka michache baadaye serikali ikasitisha mafunzo ya daktari msaidizi, kada iliyotegemewa na mpango ule wa timu. Sasa anayesimama nyuma ya mwalimu kwenye raundi ya wodi ni mwanafunzi wa udaktari, mwenye mtaala wa miaka mitano na maswali ya aina nyingine, na hospitali ni ileile.