Matumizi ya Hadubini za Maabara kwa Njia ya Mtandao

Hadubini ya elektroni ni kifaa cha gharama kubwa kinachohitaji chumba maalumu, umeme wa uhakika na mtaalamu wa kukiendesha. Kwa sababu hiyo, shule nyingi na hata baadhi ya vyuo haviwezi kuimiliki. Kuiendesha kwa njia ya mtandao huwezesha kifaa kimoja kuwahudumia watu wengi walio mbali nacho.

Mwaka 1992, watafiti kutoka San Diego nchini Marekani, wakiwa kwenye mkutano mjini Chicago, waliiendesha hadubini ya elektroni iliyokuwa imebaki katika maabara yao. Mwaka 1999, Chuo Kikuu cha Illinois kilianzisha mradi wa Bugscope, uliowapa wanafunzi wa shule fursa hiyo bila malipo.

Katika utaratibu wa mradi huo, wanafunzi hukusanya wadudu waliokufa na kuwatuma maabara kwa posta. Mtaalamu huwabandika kwenye kishikizo, huwapaka utando mwembamba wa metali inayopitisha umeme, kisha huwaingiza katika chemba ya hadubini na kuondoa hewa. Siku ya somo, wanafunzi hutumia kompyuta zao kusogeza sampuli, kukuza taswira na kuifanya ionekane vizuri, huku wataalamu wakijibu maswali yao kwa maandishi.

Hadubini ya kawaida ya mwanga haiwezi kutenganisha nukta mbili zilizo karibu zaidi ya takribani nanomita 200. Hadubini ya elektroni huvuka mpaka huo, hivyo hata michirizi iliyo juu ya kigamba kimoja cha bawa la kipepeo huonekana waziwazi. Hata hivyo, taswira zake huwa za rangi nyeusi na nyeupe, kwa kuwa hutokana na elektroni, si mwanga.

Mtandao hauondoi nafasi ya mtaalamu. Sampuli huandaliwa na kuingizwa kwa mkono, na iliyoandaliwa vibaya haiwezi kurekebishwa na mtu aliye mbali. Aidha, muda wa kutumia kifaa hupangwa mapema, kwa kuwa watafiti nao hukihitaji.

Pamoja na mipaka hiyo, njia hii hutoa kisichopatikana katika picha ya kitabuni: mwanafunzi mwenyewe huamua pa kutazama, na swali lake ndilo linaloongoza kifaa, kama ilivyo kwa mtafiti.