Joto Lilipopimwa kwa Barafu

Aghalabu mwanafunzi anayeanza kemia hukutana na elimu ya joto katika majedwali na alama za kujumlisha na kutoa, akaambiwa kwamba mmenyuko huu hutoa joto na ule hulifyonza, akazihifadhi kanuni hizo kwa ajili ya mtihani, asipate kujua kwamba asili yake ni chombo kilichoshindiliwa barafu, mjini Paris, katika majira ya baridi ya mwaka 1782 kuingia 1783.

Wenye chombo hicho walikuwa Antoine Lavoisier, mwanakemia, na Pierre-Simon Laplace, bingwa wa hisabati. Kilikuwa na vyumba vitatu, kimoja ndani ya kingine: cha ndani kabisa ni tundu la waya, ambamo kiliwekwa kitu cha kupimwa, cha kati kilijazwa barafu iliyopondwa, na maji yaliyoyeyuka humo yakichuruzika chini yakakingwa na kutiwa mizanini, na cha nje kilijazwa barafu vilevile, ili iipokee hararati ya nyumba isije ikapenya ndani na kuiharibu hesabu. Joseph Black wa Glasgow alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba barafu iyeyukapo hunywa joto jingi bila ya kipimajoto kupanda hata kidogo. Basi kila wakia ya maji ilikuwa shahidi wa kiasi maalumu cha joto.

Ndani ya tundu lile walimtia simbilisi, naye kwa muda wa saa 10 akayeyusha wakia 13 za barafu, ilhali makaa yaliyotoa hewa ya kaboniki kiasi kile kile alichotoa yeye yaliyeyusha wakia 10 na kitu. Hesabu hazikulingana barabara, lakini zilikaribiana kiasi cha kuwafanya wasadiki kwamba kupumua ni kuungua kwa polepole.

Nami ninalolistahi zaidi ni hili: hawakujua joto ni nini, wala hawakujidai kujua. Wako waliosema ni kimiminika kisichoonekana, wako waliosema ni mwendo wa chembe za vitu. Na katika risala waliyoisoma mbele ya Akademia ya Sayansi mwezi wa Juni 1783, waliziweka dhana zote mbili bila ya kuchagua, kisha wakaweka kanuni kwamba joto litokalo vitu vinapoungana ni sawasawa na lile litakiwalo kuvitenganisha. Mwanafunzi anapougeuza mmenyuko akaibadili alama, kanuni anayoifuata ni hiyo.

Baadaye Lavoisier aliliingiza joto, kwa jina la kaloriki, katika orodha yake ya elementi ya mwaka 1789. Rumford, ambaye baadaye alimwoa mjane wa Lavoisier, alikuwa amekwisha kuitia dhana hiyo shakani mwaka 1798, alipoeleza jinsi alivyoona mjini Munich maji yakichemka bila ya moto, kwa msuguano wa mizinga iliyokuwa ikikerezwa. Na vipimo vya Joule, katika miaka ya 1840, vikaiangusha. Walakini vipimo vya barafu havikutetereka, kwa kuwa havikuitegemea.

Na kanuni ile ya joto la mmenyuko ikapanuliwa mwaka 1840, mjini St. Petersburg: Germain Hess aliizimua asidi ya salfuriki kwa maji, mara kidogo mara zaidi, kisha akaiondolea uasidi kwa amonia, akakuta jumla ya joto haibadiliki kwa njia yoyote aliyoipita. Kwa kanuni hiyo hupatikana hata joto lisilopimika moja kwa moja, kama la kaboni kuungua na kuwa monoksidi tupu, kwa maana daima sehemu yake hupitiliza ikawa dioksidi: mwanafunzi huchukua kilojuli 393.5 za kaboni kuwa dioksidi, akatoa 283 za monoksidi kuungua, akabakiwa na 110.5 kwa kila moli.