Kofia ya Mkaratusi

Kwetu Afrika Mashariki mkaratusi ni mkaratusi, basi. Ni nguzo ya umeme, ni kuni, ni majani ya kujifukiza ukishikwa na mafua. Muulize mtu ni mkaratusi wa aina gani, atakushangaa. Lakini Australia, kwao mti huu, neno hilo moja halikufikishi mbali. Aina zinazidi 700, na watu hufuatana na kiongozi msituni wajifunze kutofautisha angalau mbili tatu.

Jina la kitaalamu lina kisa chake. Mwaka 1777, katika safari ya tatu ya James Cook, mkusanya mimea David Nelson alichukua tawi kisiwani Bruny, Tasmania. Likakaushwa, likafikishwa London. Huko Mfaransa L'Héritier akalichunguza, na mwaka 1788 akatangaza jina Eucalyptus, yaani, kwa Kigiriki, kilichofunikwa vizuri. Alikuwa ameona tumba: ua la mkaratusi hujificha chini ya kofia ndogo inayodondoka siku ua linapofunguka. Alikuwa na jicho kali, sikatai. Ila Australia hakuwahi kuikanyaga.

Ukiwa msituni kofia hiyo haikusaidii sana, maana maua yako juu huko. Chukua vilima vya mashariki ya Perth, ambako jarrah na marri huota bega kwa bega. Kwa mgeni ni mapacha: yote mirefu, yote ina magome meusi yaliyokwaruzika. Kiongozi anaanza kwa kukuinamisha. Okota matunda. Ya marri ni makubwa, yana umbo la mtungi wenye shingo. Ya jarrah ni madogo, mviringo, kama gololi. (Mwandishi May Gibbs, aliyekulia huko Magharibi, aliwavalisha matunda haya kama kofia watoto wa msituni katika kitabu chake cha 1918, Snugglepot and Cuddlepie.) Halafu shika gome. La jarrah lina nyuzi ndefu zinazochanika wima. La marri limepasuka vipande vipande, na mara nyingi linavuja utomvu mwekundu kama damu, ambao Wanoongar, wenyeji wa nchi hiyo, waliutumia kama dawa.

Jarrah na marri ni maneno yao. Walowezi Waingereza waliofika mwaka 1829 waliuita jarrah mahogani ya Mto Swan, jina la mfanyabiashara kabisa, lakini halikudumu. Baadaye mbao zake zilivuka bahari zikatandikwa kwenye barabara za London, chini ya kwato za farasi. Na huko ziliitwa kwa neno la watu waliokuwa wakinyang'anywa ardhi ilikoota miti hiyo. Sijui kama kuna mnunuzi aliyeuliza neno lile limetoka wapi.

Marri nayo ina mambo yake. Kwa zaidi ya karne moja wataalamu waliihesabu kuwa mkaratusi halisi, mpaka mwaka 1995 Ken Hill na Lawrie Johnson walipoihamishia kwenye jenasi mpya, Corymbia. Kitabu cha miti cha kabla ya hapo kinaiandika Eucalyptus calophylla, cha sasa Corymbia calophylla. Pembeni, katika vyote viwili, utakuta marri.