Ushahidi wa Manyoya

Zamani, msomi wa Ulaya aliyetaka kumtambua ndege wa Afrika Mashariki alianza kwa kumpiga risasi. Hakuna aliyeona ajabu. Ndege aliyeruka zake alikuwa habari tu. Aliyechunwa, akajazwa pamba na kufungwa mguuni kikaratasi chenye tarehe na mahali, huyo ndiye alikuwa ushahidi. Gustav Fischer, tabibu Mjerumani aliyeishi Unguja karne ya 19, jina lake limebaki kwa kasuku wadogo wa kijani wanaoruka makundi kwa makundi Serengeti.

Wenyeji hawakuwa wakingoja kubatiziwa ndege. Tipitipi alikwisha kujitaja mwenyewe kwa mlio wake, na mlembe alikuwa akiwaongoza warina asali hadi mzingani. Neno ndege lenyewe lilibeba maana ya ishara: msafiri aliyekutana na ndege mbaya asubuhi alirudi nyumbani kulala. Lugha yetu ilimsikiliza ndege kabla ya kumtazama, na nitarudi kwenye hilo.

Mizigo ya ngozi iliyokwenda Berlin na London haikukusanywa na mikono ya Wazungu peke yao. Mkusanyaji Salimu Asmani alifanya kazi na wasomi wa Ulaya: Arthur Loveridge huko Tanganyika, kisha Reginald Moreau, aliyefika Amani, Usambara, mwaka 1928. Moreau alipewa ndege wa jina lake mwaka 1931, na mwaka 1938 naye akampa mkewe, Winifred, ndege wa milima ya Uluguru. Wasaidizi wengi waliishia kwenye mistari ya shukrani.

Kamera iliingia taratibu, ikitembea bega kwa bega na bunduki. Huko Uingereza ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, walipiga picha ya kiota chenye mayai mwaka 1892. Baadaye wakawamba ngozi ya ng'ombe juu ya fremu, mpiga picha akajikunyata tumboni mle na mtambo wake mzito, akiomba ndege asishtuke. Cherry alifika Kenya mwaka 1909, mwaka uleule Theodore Roosevelt alipokuja kuwindia makumbusho ya Marekani maelfu ya wanyama na ndege. Kearton alimpiga Roosevelt picha za filamu. Kwa wakati ule, mwenye bunduki ndiye aliyehesabiwa kuwa mwanasayansi.

Kilichoishusha bunduki begani ni darubini na kitabu. Mwaka 1934 Mmarekani Roger Tory Peterson alichapisha mwongozo wenye michoro na vistari vinavyoonyesha alama ya kuangalia: mstari wa jicho, doa la bawa. Hapa kwetu John Williams, wa makumbusho ya Nairobi, alitoa wake mwaka 1963. Tangu 1971 kuna matembezi ya kila Jumatano asubuhi Nairobi, yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno, ambako karani na mwanafunzi hutazama ndege pamoja bila kuua hata mmoja.

Halafu ikaja kamera ya dijitali, na hapo nami ndipo nilipoingia, na lenzi ya mtumba yenye ukungu pembeni. Kwenye mashamba ya chumvi ya Kunduchi, kati ya Septemba na Aprili, vitwitwi kutoka Siberia hujaa matopeni, wote kijivu, wote wakitembea kwa haraka kama wanaodaiwa. Kwa macho sikuwahi kuwatenganisha. Siku moja kundi liliruka, nikabonyeza bila kulenga sawasawa. Nyumbani nikakuza picha moja: mdomo umepinda kidogo kuelekea chini, kiuno cheupe pee juu ya mkia. Kitambulisho kilikuwa mle, ndani ya sehemu ya sekunde ambayo jicho langu halikuiona.

Ila picha ina mpaka wake, na mpaka huo uko kwenye nyasi. Sistikola ni vindege vya rangi ya majani makavu vinavyofanana kama punje za mtama, na hapa inabidi kusikiliza: hata majina yao ya Kiingereza yanataja kulia, kupiga mluzi na kutatarika. Katika bonde la Kilombero, mnana asiyejulikana alionekana mwaka 1986, akapewa jina 1990. Lakini sistikola wawili wa bonde hilohilo walikuwa wamekwisha kuchorwa katika mwongozo wa 2002, bado hawana jina la kisayansi. Walilipata mwaka 2021. Kwa ndege wa namna hii, anayewinda kwa macho peke yake hurudi na kadi imejaa vumbi la kahawia.

Na wala maiti haikuwa neno la mwisho. Mwaka 1964, huko Mayau, kaskazini-magharibi mwa Zambia, ndege mdogo wa jamii ya zuwakulu alipatikana, kifua cheupe. Mwaka uliofuata aliitwa Pogoniulus makawai, kwa heshima ya Jali Makawa wa Malawi, mkusanyaji aliyefanya kazi miaka mingi na mtaalamu wa ndege C. W. Benson. Safari hii, walau mara moja, jina lilimwendea msaidizi. Watu wamemtafuta ndege huyo tena na tena, hakuna aliyempiga picha. Vipimo vya DNA vya karibuni vinamweka karibu mno na zuwakulu wa kawaida, pengine ni huyohuyo, rangi tu ilimpotea. Ngozi yake moja ipo Uingereza, kikaratasi mguuni.