Megathyrsus maximus

Megathyrsus maximus, zamani Panicum maximum, ni nyasi ya kudumu yenye asili ya Afrika. Huota kwa mafungu, mara nyingi kwenye kivuli cha miti ya misitu ya wazi, na huweza kupita kimo cha mtu. Majani yake ni mapana, yenye mshipa wa kati mweupe. Lakini upana hubadilika mno kufuatana na mwanga na rutuba, hivyo hayatoshi kuitambulisha. Suke ndilo la kuaminiwa. Limetawanyika, na vitawi vyake vya chini kabisa hutoka pamoja vikizunguka shina. Kila kisuke kina urefu wa milimita 3 hivi. Kikimenywa na kutazamwa kwa lenzi, ganda gumu linalofunika punje huonyesha mikunjo midogo iliyokingama. Kwa Panicum halisi, ganda hilo ni nyororo na hung'aa.