Kipima hewa cha nyumbani: kila kipimo na hofu yake



Msimu wa baridi uliopita umeme ulikatika mtaani kwetu huku Uingereza, na mgeni wetu mmoja akataka kuliingiza sebuleni jiko la mkaa tunalochomea mishkaki uani. Nilipomkataza, akanionyesha kipima hewa changu cha betri pale mezani. "Mkaa umeshashika, hautoi moshi. Na hewa ikiharibika, si chombo chako kitasema?"

Wallahi kisingesema. Chombo kile kinapima vumbi tu. Lakini kumfahamisha hayo ilinibidi nirudi nyuma miaka mia na zaidi, na ndipo nilipoona kwamba anayetaka kununua kipima hewa, kabla ya kuuliza bei, aulize kwanza: kipimo hichi kilizaliwa na hofu ipi?

Hofu ya kwanza ni ya chumba kilichojaa watu. Mwaka 1858, mjini Munich, Max von Pettenkofer alichapisha utafiti wake juu ya hewa ya majumbani. Alipima kaboni dayoksaidi, hewa tunayoitoa tukipumua, akasema isizidi sehemu 1 katika 1,000. Hakusema kuwa kwa kiasi hicho ni sumu. Aliichukua kuwa ni dalili tu kwamba chumba hakipati hewa mpya. Namba yake hiyo ingali hai: vipima hewa vingi hubadilisha rangi kwenye 1,000 kwa milioni, nayo ni namba ile ile kwa maandishi mengine.

Hofu ya pili ni ya machimbo. Mwaka 1896 John Scott Haldane alichunguza mlipuko wa mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, Wales, akakuta kwamba wengi wa waliokufa hawakuuawa na mlipuko wenyewe bali na kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Yeye ndiye aliyeshauri wachimbaji wachukue wanyama wadogo. Wakachukua vindege vya manjano, jamaa wa chiriku wetu, kwa kuwa ndege huzidiwa na sumu hiyo kabla ya mtu. Katika migodi ya Uingereza vindege hao walianza kuondolewa mwaka 1986 tu, vyombo vya umeme vikashika nafasi yao.

Hofu ya tatu ni ya moshi. Tarehe 5 hadi 9 Disemba 1952 London ilifunikwa na ukungu wa moshi wa makaa. Uliingia hata ndani: katika ukumbi wa Sadler's Wells onyesho la opera lilisimamishwa kwa kuwa watazamaji hawakuona jukwaa. Hesabu za wakati ule zilitaja vifo 4,000 hivi. Makadirio ya baadaye yamefika 12,000. Sheria ya hewa safi ikaja 1956. Lakini ilichukua hadi 1997 kwa Marekani kuweka kiwango cha vumbi laini la chini ya mikromita 2.5, lile linaloingia ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo.

Basi tuje kwenye kununua. Mwenye kifua nyumbani, nasi tunaofukiza udi na ubani madirisha yamefungwa, atafute kinachopima vumbi hilo. Mwenye chumba cha kusomea watoto atafute cha kaboni dayoksaidi, ahakikishe kinaipima kwa mwanga wa infraredi, maana baadhi ya vya rahisi huikisia tu kutokana na harufu na mvuke mwengine. Kitoe nje ukijaribu: kikiwa sawa kitaonyesha 420 na kidogo.

Lakini mkaa, boila na kila kinachowaka vinataka king'ora cha kaboni monoksaidi, chombo mbali, chenye alama ya EN 50291. Tangu Oktoba 1, 2022, mwenye nyumba ya kupangisha hapa England analazimika kukiweka katika chumba chenye boila au moto wa kudumu, isipokuwa jiko la gesi la kupikia. Chetezo chetu, chenye kaa la moto ndani, sheria haikukitaja. Hicho tukiangalie wenyewe.

Usiku ule jiko lilibaki uani, tukajifunika mablanketi hadi alfajiri. Nakiri kwamba mie mwenyewe, na kusoma kwangu kote, nilikuwa na taa ya kijani mezani na king'ora sina. Nilikinunua siku ya pili yake.