Mali ya Nani? Askari wa Kiingereza katika Jeshi la Uholanzi, 1585–1688

Ni kawaida kuwaita mamluki Waingereza waliopigana chini ya bendera ya Uholanzi katika karne ya 17. Neno hilo, ambalo leo humtaja askari anayepigania nchi isiyo yake kwa ujira, asili yake ni Kiarabu, na huko lilimaanisha mtu anayemilikiwa. Nayo maana hiyo kongwe, kuliko ile ya ujira, ndiyo inayogusa kiini cha jambo, kwani suala lililowaandama askari hao lilikuwa wao ni mali ya nani.

Mwanzoni jibu lilikuwa wazi. Kwa Mkataba wa Nonsuch wa mwaka 1585, Malkia Elizabeth wa Kwanza alipeleka askari wake mwenyewe kuwasaidia Waholanzi walioiasi Hispania, akashika miji ya Vlissingen na Den Briel iwe rehani ya gharama zake. Mkataba wa mwaka 1598 ukawatwika Waholanzi mzigo wa malipo, na hivyo vikosi vya Francis Vere, vilivyotangulia mbele katika mapigano ya Nieuwpoort mwaka 1600, vilikuwa vya raia wa malkia waliolishwa na jamhuri ya Waholanzi.

Mshahara ndio uliowafunga kwa jamhuri hiyo. Kila kombania ilipangiwa jimbo la kuilipa, na fedha za jimbo zilipochelewa, wakopeshaji walioishi kwa kazi hiyo walimtangulizia kapteni mishahara ya watu wake kwa riba. Kweli, jimbo la Holland lilihesabu “mwezi” wa mshahara kuwa siku 42, hesabu ambayo kibarua yeyote angeilalamikia. Lakini malipo hayo yalifika, wakati majeshi ya Hispania yaliasi mara kwa mara kwa kukosa chao. Askari anayelipwa huvumilia mazoezi, nayo mazoezi ya Mwanamfalme Maurits wa Nassau yalihitaji uvumilivu: kitabu cha picha cha Jacob de Gheyn, kilichotoka mwaka 1607, kinaonyesha hatua 43 za kushika, kushindilia na kufyatua bunduki nzito iliyoegemezwa juu ya mti wenye panda, kila hatua na picha yake. Katika shule hiyo walipita Philip Skippon na George Goring, ambao wote walikuwapo Breda ilipozingirwa mwaka 1637, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Uingereza mwaka 1642, mmoja akawa upande wa Bunge na mwingine upande wa mfalme.

Mshahara, hata hivyo, haukuweza kujibu kila swali. Uingereza na Uholanzi zilipoingia vitani mwaka 1665, jamhuri iliwataka askari hao waape utii kwake peke yake, na maofisa waliokataa walirudi kwao, ambako kiliundwa kikosi kilichoitwa, bila kejeli yoyote, Kikosi cha Holland. Brigedi ya Kiingereza ilifufuliwa mwaka 1674; Mfalme James wa Pili alipoiita nyumbani mwaka 1688, jamhuri ilikataa kuiachia, ikawaruhusu tu maofisa waliotaka kwenda, na wengi wao walibaki. Mwezi Novemba mwaka huohuo brigedi hiyo ilishuka pwani ya Torbay pamoja na William wa Orange, safari hii ikija kumwondoa mfalme ambaye, kwa kuzaliwa, askari hao walikuwa raia wake.